Mdomo Wangu, Sauti ya Wifi

…na huyu naye kamwalika, mtu wa kupita, mwenye baiskeli, hata jina lake halijui, kamwambia Jumamosi saa tisa alasiri, uani kwa Navnit, nyuma ya duka la vitambaa, njoo na mkeo, njoo na watoto, hakuna kiingilio, mtaniona kwenye televisheni nilivyoimba Unguja, na yule bwana kacheka kwa adabu, kasema haya mama, Mungu akipenda, na mimi niko hapa nyuma yake hatua moja tu, nimeinamisha macho kwenye visigino vyake, wifi yangu Fatu, dada wa marehemu mume wangu, kisigino kimoja kina kandambili na kingine kiko wazi mavumbini, maana kandambili ya pili ndiyo iliyonishikia nafasi kwenye foleni hii ya sukari hapa Korogwe tangu alfajiri, aliiweka nyuma yake akawatangazia watu kwamba hapo pana mtu, wifi yangu anakuja, asiisogeze mtu, na watu wakatii, kandambili ikasimama foleni badala yangu kama mtu mzima mwenye watoto, na sasa nimefika mwenyewe na bado iko pale chini kati yetu, sijaiokota, nani ainame kuokota kiatu cha mtu aliyemfanyia nilivyomfanyia mimi Fatu, nimejifanya siioni… nikiiokota atageuka, akigeuka atanitazama, na leo sitaki anitazame.

Kilo moja kila kaya, anapiga kelele Athuman kutoka dirishani, msisukumane, gunia halijafunguliwa, mkisukumana nafunga duka la ushirika naenda kulala, na watu wanaguna, kila wiki anasema hivyo hivyo na hajawahi kwenda kulala, mbele yetu wako kama arobaini na nyuma sitaki kuwahesabu, na Fatu wala hana habari na sukari, kashamgeukia binti aliye mbele yake, Dorkasi, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, na yule binti keshasema shikamoo mama, na Fatu kasema marahaba mwanangu, wewe umewahi kusikia jina la Mama Televisheni, na binti kasema ndiyo, ni yule muuza ndizi wa Segera, njia panda, makondakta wote wanamwita hivyo, na Fatu kacheka mpaka mabega yakacheza, kasema basi ndiye mimi… Mama Televisheni, miaka tisa sasa, basi la Arusha likisimama Segera makondakta wanaita Mama Televisheni leta ndizi, basi la Tanga likisimama ni hivyo hivyo, na abiria wanachungulia dirishani wamwone mtu aliyewahi kutokea kwenye televisheni, wengine wao hawajawahi kuiona hiyo televisheni yenyewe hata ikiwa imezimwa, maana huku bara hatuna, iko kule Unguja tu, na jina hilo nani alimpa, makondakta walilikuza tu, mwenye kulipanda ni mimi, kwa uongo wangu wa mdomoni, kule kwenye meli, aliponiuliza… bado, sitaki kufika huko, nianzie pale ninapopapenda, angalau nianzie pale.

Nianzie Alhamisi ile ya kwanza, mwaka sabini na tano, sisi wanawake kumi na wawili wa kikundi cha ngoma cha kijiji cha Kwamsisi, tumeshinda mashindano ya wilaya Handeni na bwana utamaduni katuandikia barua ya kwenda kutumbuiza Unguja, tumefika na matandiko yetu kichwani, na jioni wenyeji wetu wakatupeleka uwanjani ambako televisheni ya watu wote ilikaa kwenye kibanda chake chenye milango kama kabati, akaja mtu na ufunguo, akafungua, na mwanga ukatoka wenye rangi, rangi kweli, kijani cha majani na nyekundu ya kanga, na kipindi chenyewe kikaanza, Jioni Yetu, na yule mtangazaji wa suti ya Kaunda ya samawati akainua nyusi moja akasema haya, sogezeni mikeka, na uwanja mzima, wazee kwa watoto, ukasogeza mikeka kweli, na sisi wageni tukasogea nao bila mikeka, wakapita watu wa fidla, akapita mzee aliyeiga honi ya meli kwa kinywa chake mpaka mtoto akalia, wakapita watoto wa halaiki waliopandana mabegani, akapita bwana mmoja mnene aliyekuwa akicheza mke anayegombana na kuku, nilicheka mpaka Fatu akanishika mgongo… nimekipenda kipindi kile kuliko vitu vingi nilivyoruhusiwa kuvipenda, nimekiona mara moja tu kwa macho yangu, na tangu hapo nimekionyesha upya kichwani mwangu kila Alhamisi, nikipalilia, nikifua, nikiwa na mume na nikiwa mjane, namwona yule bwana akiinua nyusi, nasikia sogezeni mikeka, na wakati mwingine nasogea kweli hapo nilipokaa, mtu mzima mimi, na kila mara nikifika kwenye zamu yetu sisi, zamu ya Kwamsisi, moyo unaruka furaha halafu unaanguka chini, na nimeishi hivyo, na furaha ambayo haiwezi kufika mwisho wake.

Hiyo televisheni inaonyesha mwili mzima au kichwa tu, anauliza Dorkasi, na Fatu anamjibu kama fundi, inategemea, mwanangu, wakitaka wanakuonyesha mpaka miguu, wakitaka wanaleta sura yako karibu hivi, mpaka meno yanahesabika… mpaka meno, Mungu wangu, hilo ni neno langu, nilimpa mimi lile neno.

Kwa sababu wimbo ulikuwa wake, hilo lisemwe kwanza, kila mtu Kwamsisi analijua, aliutunga ghalani mwaka ule tuliohamishiwa kijijini, tumekaa chini tunapukuchua mahindi ya shamba la pamoja, akauanza taratibu akiwa amekunja miguu na gunzi mkononi, nimehama na kuku, nimehama na chungu, mama Swaumu nimemwacha, maana kaburi la mama yake lilibaki kule nyumbani kwa zamani, na hajui kuimba akisimama, ndivyo alivyo, akisimama sauti inamkimbia, akikaa chini inamjia yote, basi Mwalimu Semboja aliyekuwa kiongozi wa kikundi akaupenda wimbo akauogopa, akasema hatuwezi kwenda kwa watu kulilia kaburi wakati tumehamia kwenye maendeleo, akabadili neno moja, iwe uvivu wangu nimeuacha, na Fatu akasema ndiyo mwalimu, na siku kumi na tano nzima tulifanya mazoezi ya uvivu, beti anaimba Fatu peke yake amekaa nyuma ya wapiga ngoma, kiitikio tunaitika sote tukicheza mbele, na asiyekuwa Fatu asithubutu kutia sauti kwenye beti, hivyo alituonya mwalimu, na mimi nilikuwa wa mwisho upande wa kushoto, mahali wanapowekwa wale wa kujaza mstari.

Na kule ndani, tulipoitwa kuimba kwenye Jioni Yetu, kwenye chumba cha kupigia picha, taa zilikuwa za moto kama jua la saa saba, na kipaza sauti kimening'inizwa juu katikati yetu sote, kinameza kila sauti bila kuuliza ni ya nani, tukafanya jaribio mara moja, na kwenye jaribio lile akaja kijana mmoja mwenye visikilizio masikioni, mpole, mwenye haraka, akasema nasikia sauti nzuri mno, nani anayeimba, nataka nimwonyeshe mwimbaji, na Mwalimu Semboja alikuwa nje anagombania ngozi ya ngoma iliyolegea, na wenzangu wanajifunga kanga, na Fatu kule nyuma ameinama anamsaidia mpiga msondo kufunga kamba, hakusikia, Mungu ni shahidi hakusikia, na kijana kasimama mbele yangu kwa bahati tu, angeweza kusimama mbele ya yeyote, na mimi nikasema mimi. Neno moja. Hakunilazimisha mtu, sikusukumwa, sikuwa na njaa wala homa, nilikuwa na miaka ishirini na sita na maisha yangu yote nimesimama mwisho upande wa kushoto, na nikasema mimi, na kijana akachora alama ya chaki sakafuni akasema basi simama hapa, dada, usitoke hapa, na nikasimama, na mbele ya ile alama kulikuwa na televisheni ndogo imekaa kwenye kigari, imenielekea mimi tu, na humo ndani nikaona mwanamke wa kanga nyekundu, mzuri, uso unang'aa, nikainua mkono kujifuta jasho na yeye akainua, ndipo nikajijua… sijui kama kuna mtu anaelewa, kijijini nilikuwa na kipande cha kioo kisichozidi kiganja, nilikuwa nikijiona jicho, halafu shavu, halafu jicho, na pale ndipo nilipojiona wote kwa mara ya kwanza, na nikajipenda kuliko nilivyompenda wifi yangu, hilo ndilo kosa langu na halina jina jingine.

Ngoma ikaanza kweli sasa, taa nyekundu imewaka, Fatu akaanza beti nyuma ya mgongo wangu, na mimi nikafungua mdomo bila sauti, nikaufungua na kuufumba kwa maneno niliyoyajua, nimehama na kuku, nimehama na chungu, na mwanamke wa kanga nyekundu kwenye kile kigari akaimba kwa sauti ya Fatu, na ikamkaa vizuri, mpaka tulipofika kwenye uvivu, mdomo wangu ukasema uvivu, na nyuma ya mgongo wangu Fatu akaimba mama Swaumu nimemwacha, kama alivyoutunga, mara tatu, beti zote tatu, kila nilipoutengeneza mdomo kwa uvivu yeye akamtaja mama yake, na nilijua wakati ule ule kwamba picha imeharibika na sikutoka kwenye alama ya chaki, na wenzangu waliokuwa wamekaza macho kwa mwalimu walidhani nimepangwa pale kuongoza mchezo, na mwalimu alivyokasirika kwa habari ya kaburi hakukumbuka hata kuuliza ya mimi.

Kipindi kilitolewa Alhamisi iliyofuata na sisi tulikuwa tumeshaondoka, na kwenye meli ya Tanga Fatu alikaa karibu yangu, kizunguzungu kimemshika, kanga imembana kichwani, akaniuliza polepole ili wenzetu wasimcheke, wifi, wewe uliiona ile televisheni ndogo, mimi nilikuwa nyuma ya ngoma, hivi nilionekana… na pale nilikuwa na nafasi, hakuna aliyetusikia, maji tu, ningesema hapana na angenichukia mwaka mmoja halafu tungezeeka, nikasema ulionekana vizuri, wifi, mpaka meno. Akafunga macho akatabasamu. Na tulipofika Kwamsisi akasimulia, na alipohamia Segera akasimulia, na mimi nilipofiwa na mume wangu Mhina nikaja huku Korogwe kufanya kazi za nyumbani kwa akina Navnit, sikuwahi kumkatiza hata mara moja, nilikuwa nikimwaga maji, nikifunga kanga, nikitafuta kibiriti, kila alipofika kwenye meno.

Navnit wa watu, kwa wema wake, ndiye aliyeniua, kapita Segera akanywa chai kwa Mama Televisheni, akasikia habari yote, akamwandikia binamu yake Unguja anayerekodi vipindi vya zamani wanaporudia kuvionyesha, na mwezi huu mkanda umefika, na ile deki yake ya kutazamia sinema za Kihindi nayo imepona, kaamua Jumamosi ya keshokutwa aiweke uani watu wote waone, na leo asubuhi, kabla sijaja huku, kaujaribu, mimi nimesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, na yule bwana wa suti ya samawati akainua nyusi akasema sogezeni mikeka, nimemngoja miaka tisa, kisha sisi, kisha yeye, mwanamke wa kanga nyekundu, amejaa kioo kizima, na Jaya, mke wa Navnit, akaanza kucheka, akasema tazama huyu, mdomo wake unakwenda huku, sauti inakwenda kule, huyu haimbi huyu, anadanganya, na Navnit akasema mama wa Segera yuko wapi, simwoni, labda nyuma ya hizo ngoma, na Jaya akanigeukia akacheka nami, Mwantumu njoo uone huyu mwongo, na hakunijua. Miaka minne nampikia chapati na hakunijua. Nikacheka. Nilicheka na kitambaa mkononi, na walipotoka kwenda kufungua duka nikautoa mkanda, nikautia kikapuni chini ya mfuko mtupu wa kutilia sukari, nao umo humu hivi sasa, umelala kwenye mkono wangu wa kulia, mzito kuliko nilivyodhani.

Na nia yangu ilikuwa njema, ndivyo nilivyojiambia njia nzima, sukari kwanza, halafu darajani, niutupe mtoni, Navnit atalaumu panya au majirani, Jumamosi haitakuwapo, Fatu atasikitika wiki mbili na jina lake litabaki, Mama Televisheni leta ndizi, maana akija na makondakta wake na mwenye baiskeli na mwalimu Dorkasi na Segera nzima wakakaa chini kumtafuta kwenye picha na asiwemo, si ndiyo watamcheka mpaka kaburini, si ndiyo namwokoa, namsetiri, ndivyo nilivyosema, namsetiri wifi yangu… na watu wamesogea, la, hawajasogea, ni mtu tu amehamisha mguu.

Mimi kujiona nitajiona, anasema Fatu, anamwambia Dorkasi lakini sauti imeshuka, haringi tena, lakini mwanangu nikwambie kweli, sina hamu ya sura, sura ninayo, ninachotaka ni kumsikia mama, kwa sababu siku ile mwalimu alitukataza na mimi nikamtaja, nilisema moyoni nimevuka bahari yote hii nisimtaje aliyenizaa, na lile kaburi lake halipo tena, trekta la shamba la pamba limepita, mwaka juzi nimekwenda sikuona hata jiwe, kaka yangu aliyejua mahali naye amekwisha kufa, basi hakuna mahali tena duniani panapotaja Swaumu ila humo kwenye huo mkanda, nikifa na mimi, humo peke yake… na Dorkasi anasema pole mama, na Fatu anasema aa, nimeshapoa, ndiyo maana nawaita watu wengi, nataka wamsikie.

Swaumu. Mama mkwe wangu. Aliyenipokea mkwe asiye na kitu akanivika ushanga wake mwenyewe, aliyenifundisha kupika mlenda, aliyekufa mkono wake ukiwa mapajani mwangu, na mara tatu alipotajwa mbele ya nchi nzima ya Unguja mimi mkwe wake nilikuwa nasema uvivu. Na leo nimembeba kikapuni nimpeleke mtoni. Ni mimi niliyetaka kusetirika, na mwanamke wa kanga nyekundu ndiye niliyekuwa namficha, asije akachekwa tena na watu wanaojua jina lake, na kwa ajili ya kicheko kile kile cha Jaya nilikuwa tayari nimzamishe Swaumu na sauti ya binti yake pamoja, nimemnyima Fatu sura na sasa nimnyime na sauti… na yule Jaya, bila kujua, amesema jambo nililolikimbia, kwamba kila mwenye macho ataona sauti ile si yangu, mdomo wangu wenyewe unanishitaki, mara tatu, wala hauhitaji shahidi, basi waone, wacheke, wanitazame kwenye kioo na wanitazame uani nilipokaa walinganishe, nitakaa mahali wataniona, sitashika kitambaa cha vyombo, itauma, najua itauma kiasi gani kwa sababu asubuhi nimeonja kidogo, lakini Fatu asiujulie pale mbele ya watu, hilo haliwezekani, hilo litakuwa kosa la tatu, aujue kwangu, leo, kabla hajaalika mtu mwingine, kama atachagua Jumamosi isiwepo basi isiwepo, na kama hatanishikia nafasi tena kwenye foleni yoyote mpaka ninakufa ni haki yake, na ile sauti niliyoikosa kwenye meli iko wapi, iko hapa, na Fatu kashaona mwanamke mwingine anapita na ndoo, kashainua mkono, kashasema wewe mama, hebu, Jumamosi hii… na mimi nimemshika bega, bega lenyewe limekuwa jembamba siku hizi, wifi, nimesema, ngoja kwanza, usimwite huyo, na amegeuka na tabasamu lake lote, wifi, Jumamosi watakusikia lakini hawatakuona, na aliyekuziba ni mimi.